Kabla ya Kununua Namba, Ulizia Faili Limetoka Wapi

Anayetaka nyimbo mpya pale Maili Moja, Kibaha, au Kisarawe mjini, hahangaiki kutafuta duka la kanda wala la CD. Anakwenda kwenye kibanda chenye laptopu, anatoa flashi au memori kadi, anataja wasanii anaowapenda, na baada ya dakika chache anaondoka na mamia ya nyimbo za kuchomeka kwenye redio ya gari, kwenye sabufa ya sebuleni au kwenye spika ya bajaji. Kwa hiyo muziki wa kompyuta si jambo geni huku Pwani. Ndiyo njia ya kawaida, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Kilicho kigeni ni ile stika ya rangi ya dhahabu inayoonekana siku hizi kwenye maboksi ya simu na hedifoni, ile inayosimamiwa na Japan Audio Society, yenye kuahidi sauti ya ubora unaoipita CD. Pamoja nayo yamekuja mashindano ya namba: biti 24, biti 32, kilohezi 96, kilohezi 192. Anayeanza leo huambiwa kwamba namba ikiwa kubwa, sauti ni bora. Mimi nasema mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Cha kwanza ni kujua faili limetoka wapi na limepita mikono mingapi. Cha pili ni kuhakikisha halikupunguzwa njiani. Cha tatu ni spika au hedifoni. Namba zinakuja mwisho, na pale zinapofaa kwelikweli ni kwa anayerekodi kuliko kwa anayesikiliza.

Tuanze na namba zenyewe, maana mtu akizielewa hadanganyiki tena dukani. Kompyuta haihifadhi sauti. Inahifadhi vipimo vyake. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha kifaa cha kurekodia huupima umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuandika kila kipimo. CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kwa ngazi 65,536 za ukubwa. Faili la ubora wa juu kwa kawaida huwa na biti 24, ambazo ni ngazi zaidi ya milioni 16, na vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 96 au 192. Idadi ya vipimo huamua sauti nyembamba kiasi gani inaweza kunaswa. Idadi ya biti huamua umbali kati ya mchuruziko wa chini kabisa wa mashine na mlio mkubwa kuliko yote unaoweza kuandikwa: biti 16 zinatoa desibeli 96 hivi, na biti 24 zinatoa 144 kwa hesabu ya karatasini. Biti zaidi haziongezi besi, wala hazimfanyi mwimbaji awe na koo tamu zaidi.

Ukiacha vipimo hivyo vilivyo, faili linakuwa kubwa. Wimbo wa dakika sita, urefu wa kawaida kwa muziki wa dansi, huchukua megabaiti 63 hivi kwa kiwango cha CD, na megabaiti 207 kwa biti 24 na kilohezi 96. Ndiyo maana zikabuniwa njia mbili za kupunguza uzito. Ya kwanza ni MP3, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani: programu hukisia ni sehemu zipi za sauti ambazo sikio halitazigundua, ikazitupa. Wimbo wetu wa dakika sita unashuka hadi megabaiti 6 kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, au 14 kwa kilobiti 320. Njia ya pili ni FLAC, ambayo Josh Coalson aliitoa bure kwa ulimwengu mwaka 2001. FLAC haitupi kitu. Inapanga namba kwa ufupi, na faili likichezwa kila kipimo hurudi kama kilivyokuwa, bila kupungua hata kimoja. Wimbo ule ule wa kiwango cha CD hubaki na megabaiti 35 hadi 40. Apple wana aina yao ya kazi hiyo hiyo, ALAC, na tangu Juni 2021 huduma yao ya Apple Music, ambayo inapatikana Tanzania, huwapa wateja sauti isiyopunguzwa bila nyongeza ya bei.

Nisieleweke vibaya kuhusu MP3. Ile ya kilobiti 320 iliyotengenezwa mara moja tu kutoka kwenye CD ni kitu kizuri, na wasikilizaji wengi wakijaribiwa bila kuonyeshwa jina la faili hawaitofautishi na CD yenyewe. Shida yetu iko kwenye safari. Wimbo unapandishwa YouTube, ambako unapunguzwa. Mtu anaushusha kwa programu inayougeuza kuwa MP3, na hapo unapunguzwa tena. Mwenye blogu anaupandisha kwake akiwa ameingiza sauti ya tangazo lake mwanzoni, ukapunguzwa mara ya tatu. Mwenye kibanda anaushusha, na akiona nafasi ya memori kadi ni ndogo anaubana mara ya nne. Kila programu ina makisio yake kuhusu kipi sikio halitakigundua, na makisio yakirundikana, makovu yanasikika: matoazi yanageuka kuwa mvumo wa maji, herufi s za mwimbaji zinachubua, na gitaa la solo na la rhythm yanagandana pasipo nafasi kati yao. Anayesikiliza kwa spika ya bajaji huenda asijali. Anayenunua hedifoni nzuri ndiye atakayeumia, kwa sababu hedifoni nzuri humwonyesha kila kovu.

Uchunguzi wake ni rahisi, na hauhitaji masikio ya fundi. Ipo programu ya bure iitwayo Spek. Ukiliburuta faili ndani yake, inakuchorea picha ya wimbo mzima: muda unakwenda kwa mlalo, wembamba wa sauti unapanda wima, na rangi inaonyesha nguvu. Wimbo wa kisasa uliotoka moja kwa moja kwenye CD huonyesha rangi zinazopanda na kufifia taratibu hadi karibu na kilohezi 22. Uliopita kwenye MP3 ya kilobiti 128 hukatika ghafla kwenye kilohezi 16 hivi. Mstari umenyooka kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na juu yake ni weusi mtupu. Sasa lichukue faili lililoandikwa FLAC, hata lile linalojitapa kuwa la biti 24, na ulipitishe hapo. Ukiona mstari ule ule wa kilohezi 16, ujue umeuziwa MP3 iliyovishwa nguo ya FLAC. Maziwa yaliyokwisha kutiwa maji hayawi mazito kwa kuhamishiwa kwenye debe kubwa. Tahadhari moja tu: kanda na santuri za zamani mara nyingi hazina sauti nyembamba sana, kwa hiyo picha yake itakuwa fupi hata kama faili ni halali. Lakini hiyo hufifia polepole, haikatiki kwa mstari.

Tuje kwenye ahadi ya stika ya dhahabu. Mwaka 1949 mtaalamu wa hisabati wa Marekani, Claude Shannon, alichapisha uthibitisho kwamba ukipima mtikisiko zaidi ya mara mbili ya kasi yake ya juu kabisa, unaweza kuurudisha wote ulivyokuwa, na si kwa kukadiria. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kilohezi 20, na uwezo huo hupungua kwa umri. Watu wengi wa miaka hamsini hawasikii tena kitu juu ya kilohezi 14. Vipimo 44,100 vya CD vinatosha kufika kilohezi 22. Kwa hiyo kwa nadharia, kilohezi 96 inanasa sauti zinazosikiwa na popo. Nadharia hiyo imejaribiwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society majaribio ambamo wasikilizaji walichezewa rekodi za ubora wa juu, mara zikiwa zenyewe, mara zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila wao kujua ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawasawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kukuta watu wakipatia kwa asilimia 52.3. Ni tofauti ndogo, ila idadi ya majaribio ni kubwa mno kuiita bahati nasibu, na waliofundishwa kwanza cha kusikiliza walivuka asilimia 60.

Haki itendeke kwa tafiti zote mbili. Ya Reiss inatuzuia kusema hakuna mtu anayesikia chochote. Ya Meyer na Moran inatuzuia kusema tofauti ni kubwa. Ukizisoma pamoja unapata picha ya tofauti ambayo, ikiwapo, inahitaji chumba kimya, vifaa vizuri, mafunzo na umakini, na hata hivyo msikilizaji anakosea mara nyingi. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuwa mahali pa kuanzia kwa mtu mwenye hedifoni za shilingi elfu tano na nyimbo zilizobanwa mara nne.

Atatokea msomaji na kusema: lakini mimi nimesikiliza albamu ileile, ya CD na ya biti 24, na ya pili ilikuwa tamu waziwazi. Namwamini kwamba amesikia tofauti. Ninachotilia shaka ni chanzo chake. Mara nyingi toleo la ubora wa juu limetengenezwa upya kutoka kwenye tepu mama na fundi mwingine, aliyepanga besi na ukubwa wa sauti kwa namna nyingine, na hicho ndicho kinachosikika. Lishushe toleo hilo hilo hadi kiwango cha CD na utamu wote unabaki. Halafu kuna hila ya ukubwa wa sauti: ukicheza wimbo uleule mara mbili na mara ya pili ukaongeza desibeli moja tu, watu wengi watasema ya pili ni bora, bila kugundua kwamba imepanda tu. Anayetaka kujihukumu kwa haki atumie foobar2000, programu ya bure ya kusikilizia muziki kwenye Windows, ambayo ina nyongeza ya kulinganisha mafaili mawili kwa siri na kusawazisha ukubwa wake. Jaribio la dakika kumi hapo linamwokolea mtu pesa nyingi.

Hoja hii ya kutanguliza chanzo ina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya aina ya muziki tunaoupenda na mahali ulipozaliwa. Kisarawe ni nyumbani kwa Wazaramo, na mahasimu wawili wakubwa wa dansi la Dar es Salaam walijitambulisha kwa ngoma: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupita majina ya JUWATA na OTTU, ikabaki na Msondo, nayo Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na DDC, ikajiita Sikinde, ngoma ya Kizaramo. Bendi hizo zilirekodi kazi zao nyingi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, kwenye tepu kubwa za kuzungusha. Tepu nzuri ya aina hiyo ina umbali wa desibeli 60 hadi 70 kati ya mchuruziko wake na mlio mkubwa kabisa. CD ina 96. Maana yake ni kwamba kila kilichomo kwenye tepu ya Radio Tanzania kinaingia chote ndani ya faili la kiwango cha CD, na nafasi inabaki. Mtu anayeukosa uzuri wa Sikinde leo hajakosa biti. Amekosa tepu, kwa sababu anachosikia ni nakala ya kaseti iliyorekodiwa redioni, ikanakiliwa kwa kaseti nyingine, ikapandishwa mtandaoni.

Ndiyo maana kazi ya kufukua vyanzo ni kubwa kuliko kazi yoyote ya kuuza namba. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Rebecca Corey na Benson Rukantabula walianzisha Tanzania Heritage Project kwa lengo la kuokoa hazina ya tepu za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya TBC, kwa kuziingiza kwenye kompyuta. Kabla ya hapo, Werner Graebner, Mjerumani aliyeutafiti muziki wa Waswahili kwa miongo kadhaa, alikuwa amekwisha anza kutoa kupitia kampuni ya Ufaransa ya Buda Musique mfululizo wa Zanzibara, wenye dansi la Tanzania na taarabu ya Unguja, Mombasa na Tanga. Hizi ndizo albamu za kuanzia kwa mpenzi wa muziki wa zamani. Kwa muziki wa karibu zaidi, mkoa wetu wa Pwani una familia ya Zawose ya Bagamoyo: Hukwe Zawose alitoa albamu ya Chibite kwa kampuni ya Real World ya Uingereza mwaka 1996, na mwaka 2024 mabinti wa ukoo huo, The Zawose Queens, wakatoa Maisha kwa kampuni hiyohiyo. Ilimba na zeze wanavyopiga ni vyombo vyenye milio midogo ya juu, ile mitetemo inayokaa pembeni ya noti, na ndiyo ya kwanza kuuawa na MP3 mbovu. Anayependa singeli naye ana Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017.

Kununua kunawezekana. Bandcamp huuza albamu na kumruhusu mnunuzi achague FLAC au MP3 baada ya kulipa, na anaweza kurudi kuipakua tena faili likipotea. Kwa albamu ya kidijitali inayouzwa huko, Bandcamp kwa kawaida huchukua asilimia 15, makato ya malipo hutolewa, na kinachobaki ni cha msanii au kampuni yake. Malipo yanafanyika kwa kadi, na siku hizi baadhi ya huduma za pesa kwa simu hutoa kadi ya mtandaoni inayokubalika kwenye maduka ya nje. Maduka makubwa ya ubora wa juu kama Qobuz na HDtracks hayana faida hiyo kwa mtu wa huku, kwani haki za kuuza hugawanywa kwa nchi, na mnunuzi aliyeko Tanzania hukuta albamu anayoitaka haiuzwi kwake. Kibanda cha flashi hakimlipi msanii hata senti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi juu ya hilo. Simlaumu kijana wa kibanda peke yake: miaka yote hiyo hakukuwa na duka lingine. Sasa lipo, na kwa mtu anayejali sauti ni faida juu ya faida, kwani anayemlipa mwenye kazi ndiye anayepata faili lisilopita mikono ya watu.

Pingamizi kubwa zaidi nalijua, nalo ni bando. Nani atapakua megabaiti 280 kwa albamu moja? Hesabu hii ifanywe hadi mwisho. Wimbo wa FLAC wa megabaiti 38 hupakuliwa mara moja na kusikilizwa maisha yote. Wimbo huohuo ukiusikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa kilobiti 128 unakula megabaiti 6 kila mara. Ukiurudia mara saba umekwisha kuupita ule wa FLAC. Ukiutazama YouTube kwa picha ya kiasi, mara moja tu inakaribia kiasi hicho. Kwa nyimbo ambazo mtu anazipenda na kuzirudia, kupakua ndiko kunakobana matumizi, na bando la usiku linafaa kazi hiyo. Pingamizi hili lina haki kamili dhidi ya namba kubwa, lakini si dhidi ya FLAC: albamu ya dakika 45 kwa biti 24 na kilohezi 192 inaweza kuvuka gigabaiti moja na nusu, ikajaza simu kwa kitu ambacho majaribio ya 2007 yalishindwa kukipata. Anayepewa uchaguzi achukue FLAC ya kiwango cha CD, na pesa iliyobaki aitie kwenye diski ya nje, maana laptopu huibwa na huungua, hasa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo.

Vifaa havihitaji mengi. Laptopu yoyote ya miaka kumi iliyopita inacheza FLAC bila kuhema. Windows ina tabia moja ya kuijua: huchanganya sauti za programu zote, mlio wa ujumbe pamoja na wimbo, na kuzigeuza zote ziwe na idadi moja ya vipimo, ile iliyowekwa kwenye mipangilio ya sauti. Kwenye foobar2000 unaweza kuchagua njia ya WASAPI ya kumiliki kifaa peke yako, na wimbo ukaenda kama ulivyo. Madhara ya kutofanya hivyo ni madogo, lakini kufanya ni bure. Kisha kuna kifaa cha kugeuza namba kuwa umeme wa sauti, ambacho mafundi hukiita DAC. Kila laptopu na kila simu inacho ndani. Cha nje, kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kinafaa pale tundu la hedifoni la laptopu linapotoa mchuruziko au mlio wa diski inayozunguka. Kabla ya kukinunua, chomoa chaja usikilize tena: mara nyingi mlio wa zzz kwenye sabufa unatokana na chaja na nyaya za umeme wa nyumba, unakoma laptopu ikitumia betri, na DAC ya bei yoyote huenda isiuondoe.

Pesa halisi iende kwenye hedifoni au spika, kwani hapo ndipo tofauti inasikika na kila mtu bila mafunzo. Sabufa nyingi za sebuleni zimepangwa kwa besi kubwa na kusahau katikati, mahali ambapo sauti ya mwimbaji na magitaa yanaishi. Ipunguze besi hadi usikie vidole vya mpiga besi na si mngurumo tu. Itoe sabufa kwenye kona ya chumba, maana kona huivimbisha besi. Ziinue spika ndogo zifike usawa wa masikio ya aliyekaa. Hayo hayagharimu kitu, na yanazidi hatua yoyote kutoka biti 16 hadi 24. Mtu anayeishi karibu na Barabara ya Morogoro, na malori yakipita usiku kucha, chumba chake hakishuki chini ya desibeli 40 za kelele. Akitaka kufaidi desibeli 144 zilizoahidiwa na biti 24, ingebidi muziki uwe na nguvu ya kupasua ngoma za masikio. Hata 96 za CD hatazimaliza.

Nilisema namba zinafaa kwa anayerekodi, na hapa sitanii. Ngoma ya Kizaramo ni mtihani mgumu kwa mashine: mpigaji anagusa ngozi kwa ncha za vidole, na ghafla anashusha kiganja kizima. Fundi anayerekodi kwa biti 16 huogopa mlio huo usipasuke, akashusha kipimo. Akishusha mno, yale ya vidole yanazama kwenye mchuruziko. Kwa biti 24 anaacha nafasi ya desibeli 15 au 20 juu, anarekodi bila wasiwasi, na anasawazisha baadaye bila kupoteza kitu. Kwa kuhifadhi tepu na kaseti, mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, unataka biti 24 na vipimo visivyopungua 48,000, na unapendekeza 96,000, kwa sababu nakala hiyo itasafishwa na kuchakatwa tena na tena na mafundi wa kesho, na tepu yenyewe huenda isichezeke mara ya pili.

Kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye uwezo huo wa biti 24 siku hizi kinapatikana kwa bei ya simu ya kawaida, na wapiga picha wengi wa harusi za Kibaha na Kisarawe tayari wanacho au wanaweza kukikodi. Wanapoitwa kwenye shughuli ya mwali huko Maneromango au Msanga, kwa kawaida sauti hunaswa na kamera, ikiwa imebanwa na kuchanganyika na jenereta na maikrofoni ya mshereheshaji, na video ikishatolewa sauti ya asili hufutwa. Kifaa hicho kikiwekwa hatua tatu au nne kutoka kwa wapigaji, mbali na spika za ukumbini, kikirekodi WAV, yaani faili lisilobanwa, ya biti 24 na kilohezi 48, kinatoa faili la megabaiti 17 kwa dakika, gigabaiti moja kwa saa. Lihifadhiwe hivyo hivyo kwenye diski mbili zilizo nyumba tofauti. Ndani ya jina lake yaandikwe kijiji, tarehe, jina la ngoma na majina ya wapigaji, kwa idhini yao. Nakala ya FLAC wapewe wenyewe, na ya MP3 isambae kwenye simu za ndugu. Shirika la Elimu Kibaha lina maktaba ya umma, na shule kongwe kama Minaki iko Kisarawe. Sioni sababu ya kuzizuia kupokea nakala za namna hiyo na kuwawekea wasomaji kompyuta moja yenye hedifoni nzuri.